Funda la Maji la Bwana Matar

Matar bin Jaffar, mwenye duka Buguruni, alikuwa na wivu, tena ule wa kumkosesha mtu hamu ya chakula. Tuseme kweli tu. Enzi hizo za Mwingereza hapakuwa na arobaini mtaani bila yeye kuitwa kusoma utenzi wa mama aliyemzika mwanawe ugenini. Utenzi wenyewe ulikuwa wa Kiswahili cha kale, maneno magumu kama kokwa. Lakini kila alipofika penye kaburi alinyamaza, akanywa funda la maji, na nyuma ya pazia wanawake wakaangua kilio. Kilio kile ndicho kilichokuwa fahari yake.

Kisha akaja Ansbert, mwalimu kutoka Bukoba, akitaka kuuandika upya utenzi ule kwa Kiswahili cha siku zile. Alasiri kwa alasiri alikaa dukani akiuliza maana ya maneno, na Matar akimfafanulia, akidhani kapata mwanafunzi. Kumbe alikuwa akimpa mgeni kiti chake mwenyewe.

Siku ya arobaini ya mama wa jirani yao Mwishehe, Mwishehe akasema, "Bwana Matar, leo tumwachie mwalimu. Wajukuu nao waelewe."

Matar akaketi pembeni, roho inamuuma. Mhaya huyu, lafudhi kama anatafuna senene, ndiye wa kuwaliza watu wa pwani? Mwalimu alifika penye kaburi, akapita moja kwa moja, hata maji hakunywa. Kimya. Matar akatabasamu.

Wanawake wakalia baadaye, mahali ambapo yeye hajawahi hata kupajali: mama wa utenzi karudi kwake, anapakua wali sahani mbili, anakumbuka, anaurudisha wa sahani moja chunguni. Walilia mpaka mwalimu akashindwa kuendelea.

Walipofika nyumbani Matar akamgeukia mkewe, Wahiba. "Kiswahili cha sokoni kile! Mbona mimi mlikuwa mkinililia vilevile?"

Wahiba akavua buibui lake taratibu. "Hatukuwa tukielewa, mume wangu. Tulijua tu kwamba ukinywa maji, hapo ndipo pa kulia."

"Nani aliwaambia?"

"Mie ndiye niliyekuwa nikianza, wenzangu wakafuata. Nilichelea usije ukaaibika."

"Na leo? Nani kaanza?"

"Leo," akasema Wahiba, "hakuna aliyeanza. Tulijikuta tu tunalia."