Siku Niliyogeuka Daktari wa Shule

Nimewasikia wengi wakisimulia aibu zao kwa kicheko, basi na mimi leo nitoe yangu, ingawa nikifika katikati kicheko huwa kinaniishia. Siku ya wazazi, shuleni kwetu, niliwapima wazee saba magoti na viuno, mimi ambaye sijui hata kufunga bendeji (wa nane alikuwa ameshavua kiatu).

Shule yetu ilikuwa juu kidogo ya mji wa Moshi, na kwa kweli zilikuwa shule mbili ndani ya uzio mmoja. Tulipomaliza kidato cha pili walimu walitugawa: wengine wakapanda juu, mchepuo wa sayansi, kwenye maabara jirani na ofisi ya mkuu wa shule, wakashonewa makoti meupe, wengine tukateremka chini, mchepuo wa ufundi, kwenye karakana nyuma ya jiko, tukapewa ovaroli za buluu walizoziacha waliotutangulia. Hakuna mwalimu aliyetamka kwamba wa juu ndio wenye akili, lakini asubuhi mstarini wao walisimama mbele, na sisi walituita wagonga misumari. Mimi nilipangiwa useremala. Na ajabu ni kwamba niliupenda. Nilipenda randa inavyoteleza juu ya ubao wa mringaringa, na nilipenda kuona kitu kimekaa sawa kwa sababu mimi mwenyewe nimekipima sawa.

Tatizo lilikuwa baba. Nyumbani kwetu Uru tuliishi kwa kahawa, na miaka ile bei ilikuwa imewavunja watu moyo hata majirani wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Baba hakung'oa mbuni hata mmoja, ila tumaini lake lote alilihamishia kwangu. Nilipofika likizo aliniuliza mbele ya wageni wawili waliokuwa wakinywa pombe ya mbege, "Evarist, wamekupa sayansi?" Nikasema, "Ndiyo, baba." Basi, neno moja tu, nikiwaza nitalirekebisha wageni wakishaondoka. Wageni wakaondoka nalo, baba naye akatoka kuwasindikiza huku akilisema njia nzima, na Jumapili baada ya misa kigango kizima kilikuwa na daktari wake.

Neno hilo nililibeba mwaka na nusu. Siku ya wazazi ilipokaribia nikapata kaakili: niazime koti la Prosper, rafiki yangu wa sayansi, nisimame maabara dakika kumi baba anione, halafu nimpeleke kwenye chakula na mimi nikimbilie karakana. Prosper aliniambia, "Wewe mwambie tu mzee ukweli." Nikamwona hana akili.

Baba alikuja na suti yake ya harusi, akiwa na mama na shangazi Leokadia, mwenye goti. Nasema mwenye goti kwa sababu ukoo wote tuna magoti, lakini lililokuwa likijadiliwa kwenye vikao ni la shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, daktari," akajibu, na kabla sijamaliza kuwaonyesha mirija ya kioo akavuta stuli, akapandisha kitenge, akanyoosha mguu. "Hebu nitazamie hapa, mwanangu."

Baba alikuwa amefunga mikono nyuma, anatazama, uso umemjaa furaha ambayo sikuwahi kuiona. Ningefanyaje? Nikalibonyeza lile goti, nikakunja uso, nikauliza, "Na wakati wa mvua?"

"Yesu na Maria! Amejuaje?" (Jamani, mtoto gani wa mlimani hajui kwamba magoti ya wazee huuma wakati wa mvua?) Ukelele ule ulimwingiza bibi mmoja aliyekuwa akipita, naye ana kiuno, bibi akamwita mume wake, mume akawaita wenzake, na baada ya robo saa foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango, na Prosper, aliyeniazima koti, alikuwa akiipanga huku machozi ya kicheko yanamtoka: "Wazee mbele, tafadhali, wazee mbele!"

Ndipo akaingia mwalimu wa useremala, anahema, na nyuma yake mgeni rasmi na mkuu wa shule.

"Evarist! Karakana nzima tunakutafuta. Mgeni rasmi anataka kumwona aliyetengeneza kabati. Huku unafanya nini? Na koti hilo la nani?"

Yule mzee aliyevua kiatu akaanza kukivaa taratibu bila kunitazama. Baba ndiye aliyeuliza, kwa upole kabisa, "Kabati gani, mwalimu?"

Tukateremka wote. Kabati langu lilikuwa limewekwa katikati ya karakana, na baba akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, kisha akapitisha kidole kwenye maungio ya mbao akitafuta msumari, asiuone, maana niliziunganisha kwa kuchomeka ulimi kwenye tundu tu. Mgeni rasmi akapiga makofi na wengine wakafuata. Baba hakupiga. Aliniambia kwa Kichagga, polepole, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Kazi hii ningejivunia. Mbona umeninyima?" Akavaa kofia yake, akaondoka bila kula.

Mkuu wa shule alinipa wiki mbili za kufyeka nyasi, na wenzangu wakanipa jina la Daktari ambalo wengine wananiita hadi leo, lakini hayo yote hayakuniuma. Liliniuma lile swali la baba.

Jumamosi nikaomba ruhusa, nikapanda Uru, nikamchukua baba mdogo tukaenda na jani la isale, maana kwetu jani hilo likiletwa kuomba msamaha, aliyekosewa hakatai. Baba alilipokea.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini uwongo wako niliutembeza mimi, nyumba kwa nyumba, kwa miguu yangu. Ukweli utautembeza wewe."

Kesho yake baada ya misa, nje ya kanisa, watu walikusanyika kwenye mnada wa matoleo ya waumini kama kawaida. Mkungu wa ndizi ulipokwisha kuuzwa, kabla ya jogoo, baba akamwomba mpiga mnada nafasi. Nikasema kwamba sisomei udaktari, nasomea useremala, na kwamba mimi ndiye niliyemdanganya baba, yeye hakumdanganya mtu. Nilikuwa nimeomba usiku kucha wacheke, yaishe. Hawakucheka.

Basi nikajiapiza palepale kwamba sitasema tena neno la kumfurahisha mtu huku najua si kweli, hata liwe dogo namna gani, na mpaka leo nimejitahidi. Nilikuwa nimedhani aibu ile ni yangu peke yangu na nitaimaliza peke yangu. Lakini nilipogeuka niondoke nikakuta baba hakuwa amekwenda kukaa na wazee wenzake. Muda wote niliokuwa nikizungumza alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia mkononi, kichwa ameinamisha, mbele ya watu wale wale aliowaambia ana daktari.