Dashibodi Iliyokataa Kumalizika

Mume wangu ana gari ya mbio ya zamani, ya viti viwili, ambayo tangu aniowe nimeiona juu ya matofali mara nyingi kuliko barabarani. Aliachiwa na ami yake. Wenziwe waliachiwa mikarafuu.

Daktari wa macho alipomwambia kwamba presha ya macho imeshayala sana, na kwamba dawa itachelewesha tu, haitorudisha kitu, alirudi nyumbani hapa Amani, akanywa chai yake yote, kisha akasema ana haja moja. Anataka anipeleke kwetu Bwejuu kwa gari ile, yeye mwenyewe kashika usukani, kabla macho hayajazima. Basi, hilo tu. Sikujua nilie au nicheke. Nikamwambia, "Gari yenyewe haina dashibodi, bwana."

Kweli haikuwa nayo. Chumvi ilikula nyaya, akaing'oa yote ili azibadilishe, na ule ubao wa mbele unaoshika geji za mwendo na mafuta akaukuta mchwa wameuacha ganda. Akaupeleka Mji Mkongwe kwa fundi wa kuchonga milango, akamwambia, "Nitolee kama huu, lakini upendeze."

Sasa wewe mwambie fundi wa milango wa Unguja kitu kipendeze, uone. Alituletea ubao wa mvule, mnyororo umechongwa pembezoni kote, waridi limekaa baina ya geji mbili kubwa, na unene ni wa mlango kamili, wa kuzuia wezi. Matundu yalikuwa sawasawa, lakini geji zilizama humo, na vibano vyake havikufika nyuma. Na fundi mwenyewe yupo uani, kikombe cha kahawa mkononi, anangoja neno. Tukamsifu. Utamrejeshea mtu kazi yake mbele ya uso wake, umekuwa nani? Alipoondoka, mume wangu akaulaza ubao kifudifudi, akaanza kuupiga randa kwa nyuma, kidogo kidogo, mpaka vibano vikashika.

Nikadhani kazi imekwisha. Lo! Alifunga nyaya, akafunga geji, akafunga ubao, akafunga na kile kipande cha katikati kinachozunguka gia. Kesho yake akavifungua vyote, ati kuna waya umebanwa. Akafunga. Akafungua tena, ati kipande cha gia kinagusa. Mama yangu akipiga simu kutoka Bwejuu swali lake ni hilo hilo.

"Mnakuja lini, mwanangu?"

"Karibu, mama. Zimebaki skrubu."

"Skrubu gani hizo zisizokwisha?"

Nikawa napandwa na hasira, maana haja ni yake, macho ni yake, na anayechezea siku ni yeye. Siku moja baada ya adhuhuri nikamfuata kwenye banda la gari. "Nshachoka," nikamwambia. "Leo inamalizika, wallahi, na mimi sitoki hapa."

Nikakaa kiti cha abiria, bakuli la skrubu mapajani. Yeye kalala chali, kichwa chini ya usukani, miguu nje ya mlango. Nikamwashia tochi. Akasema niizime, inamuumiza macho. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Nilimpa skrubu ndefu kwa makosa, akanirejeshea kabla hajaifikisha kwenye tundu. Nikasema moyoni, mashaallah, huyu ni fundi, uvivu tu unamsumbua.

Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa tulipokaza skrubu ya mwisho. Hata mimi nilikiri kwamba mlango wetu ule umependeza. Akatoka chini, akaketi vizuri, akafuta mikono kwa kitambaa, akazungusha swichi ya taa za geji. Mimi nimeinama, naokota bisibisi miguuni.

"Zinawaka?" nikauliza.

"Zinawaka zote," akasema. "Tena vizuri, mashaallah."

Nikainua kichwa. Banda lile lina giza hata mchana, na geji zote zilikuwa nyeusi. Zingewakaje? Betri ya gari ilikuwa jikoni, inatiwa chaji. Niliitoa mwenyewe asubuhi, nikasahau kumwambia.

Na yeye kazielekea, anatabasamu.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hapakuwa na waya wowote uliobanwa. Macho yalishakwenda, sijui tangu lini, na maadamu dashibodi haijakwisha hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba haendeshi tena, hata yeye nafsi yake. Mimi ndiye niliyemsukuma mpaka skrubu ya mwisho, kwa kelele na kiapo juu. Iliniuma, iliniuma sana. Nilitaka nimshike mkono, lakini angeuliza kwa nini.

"Haya," akasema. "Basi kesho Bwejuu." Kashika usukani kwa mikono miwili, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayepelekwa kuchomwa sindano.

"Kesho ipi?" nikamwambia. "Hiki kipande cha gia umekifunga kombo. Tazama kilivyokaa. Hiki lazima kifunguliwe, na ubao wote juu yake."

Nikatia bisibisi, nikaanza kufungua.

Kisha akaachia usukani.

"Kweli," akasema. "Hata mimi nimekiona."