Nilipiga Kelele za Mwizi Kariakoo, Kesho Yake Nikapanda Basi

Admin, jina langu lifiche vizuri. Mke wangu hasomi ukurasa huu, ila dada zake wote wamo humu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na minane, kitambi kipo, nywele zimeshaaga, na watu husema nina utani mwingi. Leo utani umeniishia.

Enzi za ruksa, maduka ndiyo kwanza yanajaa vitu, nilirudi kutoka Ugiriki. Kule niliosha vyombo miaka saba, ila barua zangu za nyumbani zilisema "niko hotelini", wakanidhania meneja, nami sikuwasahihisha. Nilikuwa na siku mbili tu za kukaa Dar kabla ya basi la kwetu Kusini, Masasi. Nikaingia Kariakoo kununua zawadi nimevaa koti la baridi, jasho linatiririka, mradi watu wajue nimetoka Ulaya.

Nilinunua vitenge, sufuria na redio kwenye duka la Mhindi mmoja, nitamwita Bwana Kanti, vyote vikaingia kwenye begi langu jekundu. Wenyeji wa Kariakoo mnajua utaratibu: mwenye duka humwita mchukuzi anayemwamini, mchukuzi anajitwisha mzigo na kutoka mbio, na wewe mwenye mali unamkimbilia nyuma. Nilikuwa nayajua hayo kabla sijaondoka nchini. Lakini Bwana Kanti alipomwita mchukuzi wake, mimi nilikuwa mbele ya kioo najaribu miwani ya jua. Kugeuka, begi langu linakata kona juu ya kichwa cha mtu.

Ugiriki niliwahi kuibiwa, nikapiga kelele mpaka koo likakauka, hakuna aliyegeuza hata shingo. Nadhani ndiyo maana safari hii nilitoa sauti yote niliyokuwa nayo: "Mwizi! Mwizi huyo!"

Hapa waligeuka wote. Mtu mmoja alimtega mguu, akaanguka na begi likamwangukia. Fundi viatu alifika na nyundo yake. Mama mwenye mtoto mgongoni alimpiga teke la mbavu, akarekebisha mbeleko, akampiga la pili. Mchukuzi alikuwa anasema, "Mzigo wa duka, jamani, mzigo wa duka," na kila akifungua mdomo anapigwa mdomoni, hadi maneno yakawa damu na meno. Muuza nyanya akaja na jiwe la mizani, akalishusha gotini. Mlio ule nikikaa kimya bado nausikia. Akalishusha tena, usoni. Nyuma mtu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaagiza chai, "Leteni tairi."

Bwana Kanti alitoka stoo mbio, peku, hajui nani kapiga kelele. "Huyu wangu, nimemtuma mimi." Wakamsukuma: "Rudi dukani kwako, Kanti." Akanishika koti. "Sema wewe. Wewe mwenye begi watakusikia. Sema."

Nikafungua mdomo. Jamaa mmoja akanikabidhi begi, amelipangusa vumbi na damu kwa shati lake mwenyewe. "Kaka, angalia kama kimepungua kitu."

Nikasema, "Hakijapungua. Asante."

Baada ya kelele zile, ndilo neno pekee nililolisema siku ile. Polisi walifika, wakapiga risasi hewani, wakamtupa nyuma ya gari kama gunia. Kesho yake nikapanda basi.

Baadaye nilihamia Dar. Miaka mitatu iliyopita nilipeleka suruali kwa fundi zipu huko huko Kariakoo. Fundi mwenyewe jicho moja limefumba, goti halikunji. Nikamuuliza, "Ajali, kaka?"

"Ajali ya ndugu," akanijibu, nitamwita Saidi. Akanihadithia begi jekundu. Mdogo wake, Hamisi, naye alikuwa mchukuzi, na walikuwa wamegombania mizigo ya duka la Kanti. "Ni yeye aliyepiga kelele. Sauti niliisikia mwenyewe, ya Kusini kabisa. Pale watu wa Kusini tulikuwa mimi na yeye; mwenye begi alikuwa mgeni wa Ulaya, na koti lake la baridi."

Hamisi aliapa kwa msahafu. Hakuaminiwa. Hawajaonana tangu hapo.

Tangu siku hiyo zipu za nyumbani kwangu zinaharibika ajabu, nyingine nazing'oa mwenyewe kwa koleo ili nipate sababu ya kwenda kukaa naye. Ananitania: "Mdogo wangu, unakula nini? Kila suruali inakukimbia." Tumekuwa marafiki. Ananiamini kuliko ninavyostahili.

Wiki iliyopita Hamisi alituma ujumbe. Figo zimekufa, anaomba kumwona kaka yake kabla hajaondoka. Saidi haoni vizuri kwenye simu, akanipa namba nimjibu kwa simu yangu. "Andika: Siji. Sema kwanza ulichonifanyia." Niliandika mbele yake, nikamwambia nimeshatuma.

Sijatuma. Kila nikipita ananiuliza, "Amekiri?" Namwambia bado, na naona anavyogeuza uso isionekane kwamba alitamani jibu lingine. Nikimwambia ukweli, namrudishia ndugu yake na namkosa yeye, na wanawe si watu wa kunisamehe. Nikinyamaza, Hamisi anazikwa na kosa langu. Ujumbe ule uko kwenye simu hii hii ninayowaandikia. Niambieni ndugu zangu, nifanye nini, na mniambie leo, maana tumesikia mgonjwa jana alikuwa hawezi tena kukaa.