Siku Nilipomwita Mtani Wangu Mwizi

Mimi nina hasira za karibu, na nalisema hili mapema ili msomaji asije akaniona mama mwema. Mwaka nilioamua kufungua duka la aiskrimu mtaa wa Chikongola, huku kusini, nilikuwa nimeacha ualimu, nimeuza shamba la mikorosho la marehemu baba, na kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imenikubalia nitumie jina lake, mashine zake na masharti yake. Masharti yalikuwa kitabu kizima. Friza isipande joto hata nyuzi mbili. Mteja asiguse kitu upande wa ndani wa kaunta. Siku ya kufungua angekuja mkaguzi na fomu, na nikishindwa, mashine zingerudi Dar kwa lori lilelile lililozileta.

Nilichagua msimu wa korosho, watu wakiwa na hela na jua likichoma mpaka kivulini. Kabla ya saa nne umeme ulikuwa umekatika mara mbili. Jenereta liligoma, nikalipiga teke, nikamtukana fundi wake, na mlango wa friza nikaufunga kwa kishindo mpaka wateja wa kwanza wakarudi nyuma. Mkaguzi, binti mdogo mwenye glovu nyeupe, alikuwa ananitazama na kuandika.

Saa tano akaja mtani wangu. Yeye Myao, muuza dagaa wa Mikindani, mimi Mmakonde. Asiyejua utani wa huku angedhani tuna wazimu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya na kukuumbua mbele za watu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Siku ya mazishi ya baba alishuka kaburini akalala, akasema marehemu alikuwa mchoyo na hazikwi mpaka kitolewe kitu. Siku ile nililia na kucheka kwa pamoja, na nikampenda kwa hilo. Miaka yote ya utani wetu hakuwahi kuniita kwa jina langu, wala mimi kwa lake.

Aliingia moja kwa moja nyuma ya kaunta, akakalia stuli yangu, akawatangazia wateja kwamba aiskrimu ile nimeitengeneza kwa maji niliyonawia miguu. Watu wakacheka, nami nikacheka. Mkaguzi hakucheka. Kisha mtani akafungua friza, akatoa ndoo nzima ya vanila, akaitupia begani na kutoka nayo, akisema anawapelekea watoto wa Kiyao. Friza aliiacha wazi. Mkaguzi akainama kusoma kipimajoto, kalamu mkononi. Nikakimbilia mlangoni.

"Mwizi huyo, mkamateni."

Ni maneno ya utani. Nilikuwa nimeshamwambia hivyo sokoni, harusini, hata hospitalini. Watu hucheka, naye hujifanya anakimbia. Siku ile pia alikimbia, kwa madaha, ndoo begani. Lakini sauti yangu haikuwa na kicheko. Nusu ya neno lile nililimaanisha, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na kijiwe cha bodaboda, vijana wengi wao wamekuja kutafuta maisha kutoka mikoa ya mbali, wasiojua nani ni mtani wa nani. Wao walisikia neno moja tu.

Wa kwanza alimpiga ngwala. Ndoo ikapasuka. Wakamshukia kwa helmeti, kwa mateke, kwa kipande cha tofali. Yeye alikuwa bado anacheka, akisema jamani, yule ni mtani wangu, na aliendelea kucheka mpaka pigo la tatu. Mkono wake niliusikia ukivunjika kabla sijamaliza kuvuka barabara. Mmoja alikuwa anaburuta tairi kutoka gereji ya jirani, na mwingine amechuchumaa, anakinga petroli ya pikipiki yake kwenye chupa.

Mkononi nilikuwa na kijiko cha chuma cha kuchotea aiskrimu. Nilimpiga nacho wa karibu mdomoni, akatema jino. Nikampiga mwingine nyuma ya sikio. Kisha helmeti ikanipata kichwani, nikaanguka juu ya mtani wangu na sikunyanyuka tena. Nikasema huyu si mwizi, ni mtani wangu. Wakanijibu kwamba kila mwizi ana wake wa kumlilia, na kwamba nisipotoka nitachomwa naye. Fundi viatu wa pale kona, mzee mwenyeji, akapenya katikati yao.

"Kama ni mtani wako, mtukane," akaniambia. "Tumsikie akijibu."

Mikono ikasimama. Damu ilikuwa inaniingia machoni. Nikapaza sauti: "Myao mvivu wewe, mchana kweupe umelala barabarani. Mkeo ana habari?"

Alinitazama kwa jicho moja, la pili limeshafumba, na nikajua alikuwa ameisikia ile nusu niliyoimaanisha. Alijua kwamba nilikuwa nimekasirika. Nikasikia harufu ya petroli juu yetu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikamnong'oneza anijibu, chochote, nikamwomba kwa jina lake kabisa, kwa mara ya kwanza.

"Wamakonde," akasema mwishowe, "panya mmewamaliza porini, sasa mnakula watu."

Fundi viatu akacheka, na wenyeji wengine wakacheka. Vijana wakatazamana. Tairi likaachwa palepale, na mwenye chupa akarudi kwenye pikipiki yake. Sisi wawili hatukucheka.

Mkono wa mtani wangu ulifungwa plasta. Meno yake mawili yamekwenda. Polisi walipomuuliza nani aliita mwizi, alisema hakusikia vizuri. Duka lilipita ukaguzi, maana joto la friza halikuwa limefika nyuzi mbili, na kwenye fomu, penye nafasi ya ulinzi, yule binti aliandika kwamba ni imara. Vijana walewale ni wateja wangu. Yule niliyemng'oa jino hupenda ya embe.

Nilimngoja mtani wangu aje kunitukana. Ningemwachia friza yote aibebe. Alikuja mwezi uliofuata, asubuhi, mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa, akasimama mwisho wa foleni. Nilipomwona tu nikamporomoshea matusi, yeye na ukoo wake mzima, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Wateja wakacheka, wakamgeukia kungoja jibu. Alisubiri wanyamaze, akasogea mpaka kaunta, akasimama upande wa nje.

"Habari za asubuhi, mama," akasema. "Naomba kikombe kidogo cha vanila."

Nikampa. Akalipa, akashukuru, akanitakia kazi njema.