Jina la Bibi Aliye Hai

Mwanangu, siku ile naikumbuka vizuri. Ulikuwa umelala kifuani mwangu jikoni kwetu Tottenham, na bado hukuwa na jina. Muda wa kukuandikisha ulikaribia kwisha, nami nilikuwa nimeapa kwamba hutapewa jina mpaka nijue kwa hakika baba wa Bibi alikuwa nani, maana nilitaka jina lako litoke kwa watu wake.

Mimi si mzee wa kutoa nasaha. Nina wasiwasi wa kuzaliwa nao, na mambo ya kutafuta ukoo nilijifundisha mwenyewe, kwa hiyo kila hatua niliogopa kukosea.

Bibi yangu alizaliwa Lubumbashi. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, watu wakimwita Musa Mutaliano, yaani Mwitaliano. Alimpa binti yake jina la Luna, ila hakumpa jina la ukoo wake, kisha akahama. Nilimtafuta sana kwenye vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki wa Italia. Bibi aliponiambia kwamba baba yake alisali Jumamosi, ndipo nikaelewa: alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rodo, kilichotawaliwa na Italia enzi hizo. Wafanyabiashara wengi wa huko walihamia Katanga, jimbo la Lubumbashi.

Nikampata Musa mmoja wa Rodo aliyekwenda Kongo. Mama yake aliitwa Luna. Nikadhani ndiye, halafu nikamkataa. Nilikuwa nimesoma kwamba Wayahudi hawampi mtoto jina la jamaa aliye hai, na Luna huyo alikuwa hai Bibi alipozaliwa.

Siku hiyo jikoni, Bibi alikuwa anachambua maharage.

“Mutoto anaitwa nani leo?”

“Bado, Bibi.”

“Basi tumwite Tungoje. Tungoje, amka unyonye!”

Sikucheka. Nilimweleza yote. Akasukuma sinia pembeni.

“Nani alikuambia mutu akiwa angali muzima jina yake haibebwi?”

“Ni mila yao, Bibi. Nimesoma.”

“Mama alinihadisia. Baba alinipa jina ya mama yake, na mama yake alikuwa muzima kabisa. Akamutumia picha yangu, afurahi. Ndiyo maana Mama alikubali jina geni vile. Na sisi tunafanya hivyo.”

“Mbona hukuniambia?”

“Uliniuliza ukoo yake, na siijui. Jina yangu hukuiuliza hata siku moja.”

Nilirudi kusoma, safari hii taratibu. Kumbe mila niliyoishika ilikuwa ya Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki. Wale wa Rodo huwapa watoto majina ya babu na bibi walio hai, na huwa heshima kubwa kwao. Wayahudi wengi wa kisiwa kile walichukuliwa wakati wa vita kuu ya pili wakauawa. Sijui kama Luna yule alikuwa miongoni mwao. Nilimtazama Bibi akirudia maharage yake, nikawaza kwamba jina la mama yule limekuwa likiitwa nyumbani kwetu miaka yote hii.

Hakika kamili sina hata leo, na bado inaniwasha. Lakini nilikwenda kukuandikisha, nikasema: Luna. Bibi aliposikia alijifunika uso kwa kitenge, kisha akasema, “Sasa nikimwita, si nitaitika mwenyewe?”

Mwanangu, siku ukianza kuwatafuta watu wako, uliza kwanza walikuwa watu wa namna gani, waliabudu vipi, watoto waliwapa majina kwa desturi ipi. Usiwavike desturi za jirani zao. Waulize wazee hata yale unayodhani unayajua. Na usimnyime aliye hai furaha yake kwa kungoja wafu wakupe uhakika.

Mungu aliyeombwa Jumamosi na baba wa Bibi, na Jumapili na Bibi mwenyewe, akutunze. Akujalie uzee mwema, umwone mjukuu anaitwa jina lako, nawe upo unasikia.