Alhamisi ya Machupa Yenye Kuoza

"Georgette, dada yangu, ile mukutano yenu ya alhamisi, munafungaka mulango juu ya nini?"

Ni Maman Mélanie, jirani yake wa Muhumba, alimuuliza vile siku moja wakianika nguo kwa kamba moja. Georgette akajibu kwamba kelele ya pikipiki pale barabarani inazuia watu kusikilizana. Maman Mélanie akanyoosha shuka yake, na ilikuwa imekwisha kunyooka. Mutu akifanya hivi, ujue jibu haikumutosha.

Na hakuwa yeye peke yake mwenye mashaka.

Georgette ni assistante, musaidizi wa kazi, katika labo, ile maabara ya université moja hapa Bukavu. Ni mama wa watoto wawili, mwimbaji wa korali, mutu wa sauti ndogo. Labo yao inakuza miche ya migomba ndani ya machupa, miche safi, haina ule ugonjwa wenye ulikausha mashamba ya Kabare. Wanakata kipande kidogo cha mugomba, wanakilaza ndani ya chupa juu ya chakula yake ya kupikwa, sawa vile mutoto kitandani, wanafunga. Wamama wa Kabare waliahidiwa miche mbele ya mvua ya septembre. Wengine walikuwa wamekwisha kung'oa migomba ya zamani na kuichoma, juu waliambiwa mipya inakuja.

Sasa machupa ikaanza kuoza. Professeur Benoît, mukubwa wa labo, alikuwa Ulaya. Akamwandikia Georgette: "Kusanya watu kila alhamisi. Kila mutu aseme kazi yake imefika wapi."

Watu wenyewe walikuwa watatu tu, na yeye ndani: Georgette, Placide na Aurore. Utasema ni kitu rahisi.

Alhamisi ya kwanza Georgette alifanya kosa yenye mama yeyote wa Bukavu angemukataza. Kwa upendo wake alimimina chai katika kachumba ya nyuma, akaleta vikombe vimejaa tayari, pamoja na mandazi. Placide alitazama kikombe, akakisukuma polepole na kidole.

"Asante, maman. Leo tumbo yangu haiko vizuri."

"Miye niko mu kufunga," Aurore akasema, na mukono yake ilikuwa imekwisha kamata andazi. Akalirudisha.

Chai ikapoa. Hapa kwetu mutu hakunywi kitu yenye hakuona ikimiminwa. Karuho ni sumu yenye haiulizi mutu diplome yake.

Kufika kwa habari ya kazi, Placide akasema: "Yangu iko sawa." Aurore: "Na yangu." Georgette naye akasema sawa, na mu kabati yake machupa mengi yalikuwa yameota kitu nyeupe sawa pamba. Aliwaza: mwenye kuita mukutano akisema yake imeoza, nani atamusikiliza tena?

Alhamisi yenye ilifuata alikuja na termosi, akaifungua mbele yao, akakunywa wa kwanza. Wakakunywa. Lakini kinywa ilifunguka kwa chai tu. Simu ya Georgette ilikuwa juu ya meza, kwa kuangalia saa. Placide akaigeuza, uso chini.

"Maman Georgette, iyi simu inasikilizaka watu?"

"Isikilize nini, Placide?"

"Hapana, nauliza tu. Professeur iko mbali, lakini masikio yake iko murefu."

Aurore akacheka, macho kwa dirisha.

Basi mashaka ikamuingia Georgette naye. Anafika asubuhi, anaona machupa zimeoshwa, bado zinatoa matone, na hakuna mutu alisema yake imeharibika. Placide ndiye alibakiaka na ufunguo jumamosi, siku ya posho. Aurore naye, mbona anatembea na mufuko mukubwa? Akaanza kufunga uzi mwembamba juu ya vifuniko vyake, aone kama kuna mukono inafungua; uzi haikukatika, lakini mashaka ikabaki. Hata katika maombi alikuwa akihesabu nani aliingia na nani alitoka. Alimuomba Bwana amufunulie adui. Bwana hakumupa jina.

Asubuhi moja akamukuta Aurore nyuma ya labo, kwa shimo la takataka, anamwaga uozo ya chupa yake.

"Sema basi kwa Professeur!" Aurore akalia. "Ni Placide anafunguaka machupa yangu."

"Ulimuona?"

"Sikumuona. Lakini nani mwingine? Ni weye?"

Georgette akasogea karibu. Aliinama kwa shimo. Chini ya uozo ya Aurore kulikuwa uozo ya zamani, imefunikwa na majivu, na ndani yake vikaratasi vya buluu. Labo nzima inajua ni Placide tu anabandikaka karatasi ya buluu juu ya machupa yake; kumbe na zake zilikuwa zinaoza.

Alhamisi ile, kabla ya chai, Georgette aliweka machupa yake juu ya meza, ile pamba ya uozo yote inaonekana.

"Hizi ni zangu. Niliwadanganya."

Placide akarudisha kiti nyuma. "Unatutega, maman?"

"Nikutege na uozo yangu mwenyewe?"

Placide akatoka. Wakafikiri ameenda kabisa, kumbe akarudi na karto ya machupa yake. Aurore akafungua mufuko, naye akatoa yake. Wakapanga yote kufuata siku chakula ya miche ilipikwa, na sababu ikaonekana. Chakula ile inachemushwa ndani ya nyungu kubwa ya presha, juu uchafu yote ikufe. Siku courant, ule umeme, ilikatika katikati ya kupika, kila mutu alingoja irudi, akaendelea palepale sawa vile hakuna kitu. Kuanza upya ni kuchelewesha mwenzako mwenye anangoja nyungu, na kila mutu aliona haya. Siku zile ndizo zilioza, za wote watatu.

Hawakushangilia. Placide alikuwa bado anageuza kifuniko kimoja, anatafuta alama ya mukono ya mutu. Ilimuuma kuachilia ile mashaka.

Simu ikalia. Jina ya Professeur. Wote wawili wakamutazama Georgette. Akaiweka sauti ya juu, wote wasikie.

"Georgette, nasikia miche bado inaoza. Ni nani? Nitumie jina leo, nimutoe mu labo."

Placide akakunja mikono. Aurore akashika mufuko wake sawa vile mutu wa safari. Georgette aliona wazi: jina moja ikitoka hapa, alhamisi yenye inakuja kila mutu atasema sawa, na wamama wa Kabare watasimama mu shamba tupu. Akasogeza simu karibu na kinywa.

"Professeur, naomba usiniulize jina ya mutu. Ututafutie groupe, ile jenereta ya courant, nyungu ichemuke mpaka mwisho, na utuachie tuendelee kukutana sisi wenyewe."