Siku Niliposema Sioni

Siku tatu mjukuu wangu alinifundisha kudanganya, nami nikafundishika. Tulikaa nyumbani kwangu Mikindani, yeye kashika simu, mimi natoa kidole. "Nyanya, gusa huku juu kulia. Sasa katikati. Sasa chini kabisa. Basi, umeshapanga siku ya kwenda kliniki."

Juu, katikati, chini. Neno sikusoma hata moja. Jicho langu moja lina mtoto wa jicho, la pili linajikongoja, na herufi za ukurasa wa kliniki alioutengeneza mwenyewe zilikuwa rangi ya majivu juu ya nyeupe. Niliona ukungu. Sikumwambia. Mabibi harusi wangapi wa mtaa huu wameolewa wamevaa magauni niliyoshona mimi? Leo niseme sioni?

Chuo chao cha kompyuta kilikuwa na sharti: kila mwanafunzi alete mzee wake, mzee autumie ukurasa peke yake mbele ya watu, na mwenye kuutengeneza asifungue mdomo. Atakayefaulu zaidi anapewa kazi. Nafasi ni moja, na mjukuu wangu ametafuta kazi hadi soli zimeisha.

Siku ikafika. Mwalimu, kijana wa bara lakini ana adabu, akaniamkia shikamoo, akanipa simu. Haikuwa ile yetu. "Mama, nimekukuzia maandishi kidogo."

Nikagusa juu kulia. Kimya. Katikati, kimya. Chini, ikafunguka picha ya daktari anacheka. Maandishi yamekuzwa, kila kitu kimehama, kama jiko lililopangwa upya na mgeni. Nyuma yangu mjukuu wangu alikuwa anatafuna kucha, nilimsikia.

"Mama, umepaona palipoandikwa 'panga siku'?"

Uongo ulikuwa ulimini tayari: simu yako mbovu. Nikaumeza.

"Sioni," nikasema. "Wala nyumbani sikuwa naona. Huyu amenikaririsha tu."

Watu wakaguna. Mwalimu akamgeukia mjukuu wangu. "Una saa moja. Rekebisha, ama nafasi iende kwa mwenzio."

Tukaenda kukaa pembeni. "Umeniua, Nyanya," akaninong'oneza, machozi yakimlenga.

"Hujafa. Geuza hiyo nguo nione ndani."

Mimi nguo ya fundi mwingine naipima kwa ndani. Nje kila mtu hupiga pasi. Akafungua maandishi ya nyuma, yale yanayosomwa na kompyuta. Siyajui, lakini kuuliza najua. Nikaweka kidole popote katika ukungu ule. "Hiki nini?"

"Kitufe."

"Kitufe kweli?"

Akainama. "Ni kisanduku tu. Nimekipaka rangi kifanane na kitufe. Simu ikisoma kwa sauti haikitambui."

"Ala! Umeshonea watu vifungo, matundu hukukata?"

Akacheka na machozi yake, kisha vidole vikaanza kukimbia. Akaweka vitufe vya kweli. Herufi akazitia weusi. Kila picha akaiandikia maneno, asiyeona aisikie. Mistari iliyojirudiarudia akaifuta. Saa ya ukutani nayo haikumhurumia mtu.

Mwalimu akarudi, akawasha sauti ya simu, akanieleza: telezesha kidole, usikie, ukikubali gonga mara mbili. Nikafumba macho yote mawili, makusudi.

"Panga siku ya kliniki. Kitufe," simu ikasema. Nikagonga. "Jumatano asubuhi. Kitufe." Nikagonga. Ikakawia. Ikakawia mno. "Siku yako imepangwa."

Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu mwalimu alishageuza nguo: alikuwa anapekua maandishi ya ndani, juu, chini, juu tena. Mjukuu wangu akanibana mkono hadi pete ikaniuma.

"Kuna nyuzi bado zinaning'inia," mwalimu akasema. Kumbe alikuwa ametusikia. "Lakini vifungo vinafunga. Njoo Jumatatu, uanze kazi."

Nilitoka pale kichwa juu, nikajikwaa kizingitini.

"Nyanya," mjukuu wangu akasema, kanishika kiwiko, "umeshasema mbele ya watu wote kwamba huoni. Sasa tupange kliniki ya kweli."

Nikajifanya sijasikia. Na masikio yangu ni mazima.